UZI: Kabla hujasema "na sisi turuhusiwe bunduki kama Marekani" – sheria za silaha kwetu, kwa majirani na ng'ambo

KaraniMvita

Salaam wakuu.

Kila vijana wa mapanga wakivamia mtaa huku kwetu, iwe Kisauni au Likoni, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Majeruhi bado yuko wodini, na mtu keshatoa hukumu: "Serikali ituachilie tumiliki bunduki kama Wamarekani, tuone nani atathubutu kuja na panga." Uchungu naujua, maana na mimi nina watoto wapitao njia hizo hizo magharibi ikiingia. Lakini hoja hii imebebwa nzima nzima kutoka nchi yenye katiba nyingine, na watu wanaponzwa nayo. Nafanya kazi ya ukarani kwa wakili hapa Mombasa, majalada ya kesi za silaha nayashika kwa mikono yangu. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Swali la kuanzia kwa nchi yoyote ni hili: bunduki mkononi mwa raia ni haki yake, au ni ruhusa aliyopewa? Mengine yote yanafuata hapo.

Kenya ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa 1953 nchi ikiwa kwenye hali ya hatari, Waingereza wakipambana na Mau Mau. Ukiisoma waona wazi ni sheria ya mtawala asiyetaka bunduki ipotee machoni mwake. Tumepata uhuru, tumeandika Katiba mpya 2010, na hakuna kifungu hata kimoja ndani yake kinachompa raia haki ya kumiliki silaha. Lazima uombe, utoe sababu ya maana, uchunguzwe, na kibali kikitoka kinakutaja wewe, bunduki hiyo na risasi ulizoruhusiwa. Tangu sheria za usalama ziliporekebishwa 2014, mwenye kauli ni Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi ikikunyang'anya kibali, bunduki yarudi.

Marekani ni haki. Marekebisho ya pili ya katiba yao ni ya 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi iliyotoka jiji lao kuu la Washington, kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi kujilinda nyumbani kwake, si ya wanamgambo peke yao. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba inatoka nje ya nyumba pia. New York ilikuwa na sheria ya zaidi ya miaka 100 iliyomtaka mtu aeleze sababu ya pekee ndipo aruhusiwe kubeba bastola hadharani. Mahakama ikaifuta. Yaani jambo ambalo Kenya ndilo msingi wa kibali, "una sababu gani?", kule limeonekana ni kuvunja katiba.

Sasa angalieni jinsi tofauti hiyo inavyoamua mwendo wa mabadiliko. Oktoba 2017 mtu mmoja alimimina risasi kutoka hotelini Las Vegas na kuua makumi ya watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki. Bunduki zake zilikuwa za nusu-otomatiki, ila alizifunga kifaa kitakoni kinachozifanya zifyatue mfululizo karibu kama za kijeshi. Serikali ya Trump yenyewe ikapiga kifaa hicho marufuku, amri ikaanza Machi 2019. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaitengua: idara ya serikali imevuka mpaka wa sheria iliyopewa na Bunge. Miaka karibu saba tangu mauaji, na wakarudi pale pale.

Kwetu nako? Desemba 2018 Waziri wa Usalama, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye bunduki, hata waliokuwa na vibali halali, wachunguzwe upya. Haikuhitaji kura ya Bunge. Wengine walipita, wengine wakapoteza. Hilo laonyesha nguvu ya mfumo wa ruhusa. Nami nasema pia kuna la kuhofia ndani yake, maana mkono uwezao kukaza bila kuuliza mtu ndio huo huo uwezao kulegeza kwa marafiki bila kuuliza mtu.

Nitaje kisa kimoja, bila kumtaja mhusika. Ndugu yetu wa hapa hapa Pwani, mkazi wa Marekani, alitua uwanja wa ndege wa Moi kuja harusini. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake mkawa na risasi, zimejificha chini ya chaja na soksi. Bunduki hana, aliiacha kwake. Kule risasi hizo alizinunua dukani kwa kaunta, na begi hilo ndilo alilokuwa akienda nalo kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Alipokuja wakili, akawa anarudia neno moja tu: "Lakini ni zangu, nilinunua." Kwa sheria ya Kenya risasi bila kibali ni kosa lenyewe, bunduki iwepo isiwepo. Harusi ilipita yeye akiwa kwenye mikono ya polisi. Nawasihi wote mlio na jamaa ng'ambo, waambieni wakung'ute mabegi yao kabla ya safari.

Karibuni tujadili kwa heshima.

---

Kongowea_Jumla

Karani, nimesoma yote. Lakini wewe wakaa ofisini. Mimi nauza vitunguu na viazi kwa jumla Kongowea, alfajiri nimebeba pesa taslimu za watu. Jambazi haendi kwa Bodi kuomba kibali. Sheria yamfunga mikono nani basi? Mimi. Na ukweli mwengine usemwe: wenye bastola zenye vibali Kenya hii ni wanasiasa na matajiri. Mtu wa sokoni akienda kuomba ataonekana kichekesho.

---

KaraniMvita

Kaka, la pili nakubaliana nawe kwa moyo mzima. Sheria inayosema "sababu ya maana" bila kuweka wazi maana ipimwe vipi, inamwachia afisa nafasi kubwa mno, na nafasi hiyo hujazwa na jina kubwa au bahasha. Hili ndilo la kupigania: vigezo vichapishwe, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

La kwanza ndipo tunapoachana. Wezi wa alfajiri huja wanne au watano, kwa nyuma, ukiwa mikono imeshika gunia. Wakijua una bastola, bastola ndiyo wanayoifuata, ina thamani kuliko pesa ulizobeba. Na ikitoka mikononi mwako leo, kesho iko kwenye mtaa wako.

---

MgosiWaTanga

Mkuu, uzi wa maana sana. Niongeze upande wetu.

Tanzania tulikuwa na sheria ya silaha ya 1991, ikaja kufutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwetu pia ni ruhusa, wala hakuna anayedai haki ya kikatiba. Ila maombi huanzia chini kabisa, kwa serikali ya mtaa au kijiji, ndipo yanapanda. Watu wanaokujua ndio wanaanza kukujadili: ni mlevi? anapiga mke? ana kesi ya shamba na jirani? Afisa wa mjini hawezi kuyajua hayo kwa kutazama fomu. Mimi naona hapo tumewazidi.

Halafu kuna uwindaji. Kenya mlipiga marufuku uwindaji 1977, sisi tumeendelea na uwindaji wa kitalii na wa wenyeji wenye leseni. Kwa hiyo mtalii anaingia na rifle yake kihalali akaenda pori la akiba la Selous, lakini akijaribu kuvuka nayo Horohoro kuja Lungalunga kupumzika Diani, hiyo ni kesi. Mpaka ni mstari tu, bunduki ni ile ile, mtu ni yule yule.

Na vijijini tuna magobole, hizi bunduki za kienyeji za kushindilia baruti. Mkulima analindia mahindi dhidi ya nguruwe na nyani. Polisi wakitangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, hayo ndiyo huletwa kwa wingi.

---

KaraniMvita

Ahsante Mgosi, hilo la mtaa kujadiliwa mtu nalipenda. Ila liwe na ulinzi, maana mtaa nao hujua kulipiza visasi.

Kuhusu kusalimisha: Umoja wa Afrika umeuteua mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, kwanza hadi 2020, kisha ukaongezwa hadi 2030. Ni watu wachache mno wanaojua. Misikiti na makanisa yetu yangelitangaza Ijumaa na Jumapili, watu wangejitokeza.

---

BintiLikoni

Naomba nami niseme, ingawa si mwanasheria.

Mimi nilikuwa msichana Likoni mwaka 1997. Tarehe 13 Agosti usiku, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikabebwa. Siku zilizofuata watu wa bara walifukuzwa majumbani mwao, wengine wakauawa, wengine wakalala kanisani na watoto mgongoni. Jirani yetu, mama aliyekuwa akituuzia maharagwe, aliondoka na sufuria moja tu na hakurudi tena.

Ninachotaka kuuliza, Karani: bunduki zile hazikuwa za raia mwenye kibali. Zilikuwa za serikali. Mwajadili vibali vya raia, sawa, lakini ghala la serikali lalindwa na sheria gani?

---

KaraniMvita

Dada yangu, hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye uzi huu, na kwenye mijadala ya Marekani hutalisikia kwa sababu tatizo lao limekaa kwingine.

Jibu liko kwenye Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Watu hudhani ni karatasi ya mikutano tu. Ndani yake nchi zetu zimekubaliana mambo mazito: raia wasimiliki kabisa bunduki za otomatiki wala rifle za nusu-otomatiki, na silaha zote, zikiwemo za serikali, zipigwe chapa na kuandikwa kwenye daftari. Chapa ndiyo inayojibu swali lako. Bunduki ikiokotwa Garissa au Turkana, namba iseme ilitoka ghala gani, alikabidhiwa nani, na aliripoti lini kwamba imepotea. Kuna kituo cha kanda, makao yake Nairobi, kinachozisaidia nchi kwa mashine za kupigia chapa hizo.

Uganda nao, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Juni 2018, Rais Museveni aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama ya ufyatuaji wake, ili ganda la risasi likiokotwa lijulikane limetoka bunduki gani, hata ikiwa ya askari.

Na zinazokamatwa lazima ziteketezwe hadharani, zisirudi ghalani kuibwa upya. Novemba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto bunduki 5,250 kule Ngong. Ningependa siku moja moto kama huo uwashwe hapa Mombasa, watu wa Likoni wakiwa mstari wa mbele.

---

Mbwana_Houston

Salamu kutoka Texas. Mimi mzaliwa wa Majengo, niko huku muda mrefu.

Karani yuko sawa, ila watu wasidhani Marekani ni sheria moja. Sheria ya taifa ipo: ukinunua dukani unajaza fomu, jina lako linapitishwa kwenye mfumo wa FBI ulioanza 1998, mara nyingi jibu linakuja kwa dakika chache. Lakini mtu binafsi akimuuzia mwenzake, sheria ya taifa haimlazimu kumchunguza mnunuzi, na jimbo ndilo laamua kama litaongeza masharti. Texas tangu Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi anabeba bastola bila leseni ya kubebea. Ukivuka ukaenda New York na bastola hiyo hiyo kiunoni, unalala ndani. Hapo Mgosi ataona kwamba Horohoro ziko nyingi huku.

La muhimu kwa vijana wetu: aliye na viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki huku. Usidanganyike na rafiki akwambiaye "hii ni Amerika, nunua." Utafukuzwa nchi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ni habari nyingine.

Mimi sina. Mke wangu alikataa tulipopata mtoto wa kwanza, na sijajuta.

---

Serahangi

Nyie wa nchi kavu mna raha. Njooni baharini.

Wakati wa maharamia wa Kisomali, meli zilianza kubeba walinzi wenye bunduki. Bahari kuu, sheria ya meli ni ya bendera yake. Ukiingia maji ya nchi, ni sheria ya nchi hiyo. Sasa meli yatoka Ghuba, ina bunduki za walinzi, yataka kupita nchi kadhaa kila moja na masharti yake. Kampuni zikabuni maghala ya silaha yanayoelea, yaani meli imetia nanga nje ya maji ya nchi yoyote, walinzi wanapanda na kushukia hapo na bunduki zao.

Meli moja ya namna hiyo, Seaman Guard Ohio, ilikamatwa na Wahindi Oktoba 2013 karibu na bandari ya Tuticorin. Watu 35 wakashikwa: Waingereza, Waestonia, Waukreni na Wahindi wenyewe, mpaka mabaharia wa kawaida waliokuwa wakipika na kusukuma injini. Januari 2016 wakahukumiwa miaka mitano. Novemba 2017 Mahakama Kuu ya Madras ikawaachilia wote. Miaka minne ya maisha imekwenda, wengine walikuwa na watoto wachanga walipoondoka kwao.

Vijana wa hapa Kilindini wanaotafuta kazi ya ulinzi wa melini, ulizeni kwanza karatasi za silaha ziko wapi, kwa jina la nani, na za nchi gani. Mshahara baadaye.

---

KaraniMvita

Shukran serahangi. Kesi hiyo ingesomwa kwenye kila chuo cha ubaharia.

Nimalizie deni la ng'ambo kwa waliouliza faraghani kuhusu nchi zilizokaza. Uingereza ndiyo mama wa sheria yetu, na yenyewe haikukaza mara moja. Hungerford, 1987, watu 16 waliuawa, wakaondoa rifle nyingi za nusu-otomatiki. Bastola zikabaki. Machi 1996 mtu akaingia shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola alizotumia alikuwa anazimiliki kihalali. Wazazi walikusanya saini nchi nzima, na 1997 zikapita sheria mbili mfululizo: serikali ya John Major ilipiga marufuku bastola kubwa, ya Tony Blair ikamalizia zile ndogo. Hata hivyo Ireland Kaskazini, ambayo ni Uingereza ile ile, bastola kwa kibali bado zipo, kwa historia yao ya vita.

Australia ni mwaka huo huo, 1996, watu 35 kule Port Arthur. Majimbo yote yalikuwa na sheria zake, na ndani ya siku 12 waziri mkuu John Howard aliyafikisha kwenye makubaliano mamoja. Serikali ikanunua kwa watu bunduki kama 650,000 na kuzisaga, fedha zikatoka kwenye tozo maalumu ya mara moja. New Zealand, Machi 2019, waumini 51 wa misikiti miwili ya Christchurch waliuawa Ijumaa. Wengi humu tuliwasalia. Aprili 10, Bunge lao likapiga kura 119 kwa 1 kukaza sheria.

Lakini msidhani njia ni ya kukaza tu. Brazil ilikuwa na sheria kali ya 2003, wananchi wakakataa kwa kura ya 2005 kupiga marufuku biashara ya silaha, Rais Bolsonaro akalegeza kwa amri zake kuanzia 2019, mrithi wake Lula akaapishwa Januari 1, 2023 na siku hiyo hiyo akaanza kuzirudisha nyuma. Mwenye duka la bunduki kule lazima afuate siasa kama mwenye duka la nguo anavyofuata sikukuu.

---

MwalimuTudor

Na Uswisi? Mbona kila mtu kule ana bunduki ya jeshi nyumbani na hawauani ovyo?

---

KaraniMvita

Mwalimu, si kila mtu. Ni askari wa akiba waliopata mafunzo, na risasi za jeshi hawakai nazo nyumbani tena, ziliondolewa kuanzia 2007. Mei 2019 wenyewe walipiga kura, kama asilimia 64 wakakubali masharti makali zaidi, yaliyotoka Umoja wa Ulaya. Ukitaka ya Uswisi, chukua pamoja na daftari lao na nidhamu ya mafunzo.

---

BiFatma_Kibokoni

Samahanini, nimesoma toka jana usiku na nimeingiwa na hofu. Baba yetu amefariki, Mungu amrehemu. Alikuwa na bastola ya kibali tangu zamani, iko kabatini imefungwa. Kaka yangu asema ni urithi wa mwanawe mkubwa, yaani yeye, na ataichukua Alhamisi aende nayo Malindi. Ni sawa?

---

KaraniMvita

Pole sana bi mkubwa, Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti.

Asiichukue. Kibali kilikuwa cha marehemu na kimeondoka naye. Nyumba, shamba, dhahabu vyaweza kurithiwa kwa sheria na kwa Kiislamu, bastola hairithiwi hivyo. Kakako akiishika bila kibali chake mwenyewe, hata kwenda nayo hadi Nyali, ni kosa linaloweza kumfunga miaka, na polisi wa kizuizi cha barabarani Mtwapa hawatamuuliza habari za mirathi. Akiitaka kweli, aombe kibali kwa jina lake, na hata hivyo Bodi hailazimiki kumpa.

Fanya hivi. Usiiguse, usiipangushe, usijaribu kutoa risasi. Funguo ya kabati ikae na mtu mzima mmoja. Tafuta cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu na karatasi za kibali. Nendeni kituoni bila bastola, mtu mzima wa familia pamoja na wakili, mtoe taarifa iandikwe kwenye daftari la matukio, mpewe namba. Waombe waje wenyewe kuichukua nyumbani. Wakishaichukua, dai stakabadhi yenye namba ya bunduki na hesabu ya risasi, na uiweke na hati za nyumba.

---

BiFatma_Kibokoni

Nimemsomea kaka haya yote kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema atakuja yeye Mombasa na ami ataandamana nasi kituoni. Cheti cha kifo tunacho. Karatasi za kibali nimezipata ndani ya msahafu wake mkubwa, ya mwisho ilishapitwa na wakati. Hilo latudhuru?

---

KaraniMvita

Lililopitwa ni la marehemu, halimwangukii mtoto aliyekuja kuripoti mwenyewe. Zipelekeni zote kama zilivyo, na ya zamani pia, wala msiache hata moja nyumbani. Nitakutumia faraghani orodha ya mawakili wanaojua kesi hizi. Nendeni asubuhi, afisa mkuu wa kituo akiwepo.